Honi ya Emmet Stang

Watu wa hapa Vesterby wakizungumza habari za Bi Verna Stang, huanza na lile gari. Ni pikapu ya kijani, madigadi yameliwa na kutu, mlango wa dereva umefungwa kwa kamba ya nailoni. Kila Jumapili ya kiangazi aliingilia mlango wa abiria, akajiburuta mpaka kwenye usukani, akaliendesha taratibu kutoka nyuma ya kanisa la Walutheri hadi uwanja wa besiboli. Aliegesha nyuma ya wavu, pua ya gari ikielekea pale anaposimama mpigaji. Hapo palikuwa pake. Hata wageni waliokuja kucheza nasi, ambao huegesha popote kama ng'ombe waliofunguliwa, walipakwepa.

Akishazima injini alijisogeza katikati ya kile kiti kirefu, akachukua kofia ya mumewe kutoka kwenye dashibodi, akaiweka pale alipokuwa amekaa yeye, mbele ya usukani. Kisha akatoa penseli nyuma ya sikio.

Mumewe, Emmet, alikuwa amekufa zaidi ya miaka ishirini na mitano iliyopita.

Mimi nilianza kukaa ndani ya gari lile kiangazi alichozaliwa binti yangu Tilda. Mume wangu Darrell anachezea timu ya mji, tena anacheza vibaya, anajua mwenyewe. Sikuwa na pa kukaa na mtoto mchanga ila kwenye mabenchi ya bati yanayounguza mapaja. Bi Verna akatoa kichwa dirishani.

"Wewe, mke wa Darrell! Mlete huyo mtoto kivulini kabla hajaiva."

Nikaingia, nikakaa upande wa mlango. Mle ndani mlinukia tumbaku ya kutafuna na mafuta ya glavu, na yeye Bi Verna hatafuni tumbaku.

"Usiikalie kofia," akaniambia.

"Nitaikaliaje, na wewe uko katikati?"

"Najua. Nakwambia tu."

Basi tangu siku hiyo tukawa wanne ndani ya gari. Nasema wanne kwa sababu Tilda naye alituhesabu hivyo. Alipoanza kula biskuti, kila Jumapili alimega kipande, akainama juu ya mapaja ya Bi Verna, akakinyoosha kuelekea ile kofia. Anangoja. Halafu anacheka, anakiacha pale kitini. Nilimkataza. Bi Verna akasema, "Mwache. Hajamkataa mtu mwingine, kwa nini amkatae yeye?"

Kazi ya Bi Verna uwanjani ilikuwa kuandika mchezo, na ndani ya kazi hiyo kuna hukumu. Mpigaji akiupiga mpira akafika kituo cha kwanza salama, lazima mtu aseme: amefika kwa nguvu yake, hilo ni pigo, au amefika kwa sababu mlinzi aliuachia mpira ambao alipaswa kuudaka, hilo ni kosa. Pigo linaingia katika hesabu ya maisha ya mchezaji. Kosa haliingii. Kipaza sauti cha uwanja wetu kilikufa zamani, kwa hiyo Bi Verna alinyoosha mkono kupita juu ya kofia akabonyeza honi. Mara moja, pigo. Mara mbili, kosa. Watu huegesha magari yao kandokando ya uwanja wote, pua ndani, na pigo likitangazwa wote hupiga honi kama harusi. Lakini hakuna anayethubutu kuanza kabla ya honi ya pikapu ya kijani.

Alijifunza kuandika mchezo kwa baba yake, zizini, wakikamua ng'ombe huku redio inayotangaza mchezo imetundikwa kwenye msumari. Baba alikamua, yeye aliandika kwa chaki ubavuni mwa ng'ombe mweusi. Alinihadithia mwenyewe, akacheka mpaka akakohoa. Akakua, akapika miaka yote katika jiko la shule. Wanaume wote wa timu ya sasa wamekula viazi vyake. Akaolewa na Emmet Stang. Mtoto hawakupata.

Huyo Emmet alianza kuchezea mji akiwa na miaka kumi na sita, na hakuwahi kukosa Jumapili. Alikuwa mtu mwembamba, wa maneno machache, mpigaji wa mipira mifupi ya kuudhi inayoangukia pale pasipo mtu. Alipofika miaka arobaini na moja alikuwa na mapigo mia sita na kumi na mawili. Machi ya mwaka huo, siku ya Jumamosi, alikwenda ziwani kuondoa kibanda chake cha kuvulia samaki juu ya barafu. Barafu ilikuwa imeshaanza kuwa kijivu. Pikapu waliikuta ufukweni, redio inaimba, kofia iko kitini. Yeye walimpata barafu ilipoyeyuka, wiki ileile timu ilipoanza mazoezi.

Jina lake liko kwenye ukuta wa mbao, kule mbali katikati ya uwanja: EMMET STANG 612, herufi nyeusi juu ya rangi nyeupe. Ndiyo desturi yetu. Ukuta unabeba jina moja tu, la mwenye mapigo mengi kuliko wote, na kila mwaka Jumamosi ya kwanza yenye joto lazima jina lipakwe rangi upya, lisipauke. Mwenyewe hulipaka. Akiwa hayupo, wa nyumbani kwake. Na siku mtu atakapompita, huyo mpya atapaka nyeupe juu ya lile jina la zamani kwa mkono wake, aandike lake. Kwa hiyo kila mwaka, tangu Emmet afe, Bi Verna alipanda ngazi na kopo la rangi nyeusi akampaka mumewe. Alifuata herufi zilezile kwenye mistari ileile. Mwaka jana nilimshikia ngazi. Nilimsikia akiongea naye kule juu, kwa sauti ya kawaida kabisa, habari za bomba la jikoni linalovuja.

Kuhusu kama rekodi ile ingeweza kuvunjwa, wanaume wa hapa walikuwa wakibishana kuliko wanavyobishana habari za Mungu. Mkubwa wao Ozzie Krenz, mwenye kituo cha mafuta, ambaye mdomo wake hauna breki.

"Haivunjwi," alikuwa akisema, akigeuza soseji kwenye jiko la mkaa pale uwanjani. "Tazameni hata ligi kubwa. Yule mrushaji wa zamani mwenye ushindi mia tano na kitu, nani atamfikia? Siku hizi mrushaji akitoa jasho tu wanamtoa, wanamfunika blanketi kama farasi. Rekodi za namna hiyo zimezikwa na wenyewe. Na hapa kwetu, nani atacheza miaka ishirini na mitano? Vijana wakimaliza shule wanakwenda mjini, wanarudi Krismasi wakiwa na mbwa wadogo."

"Arlo je?" mtu akauliza.

"Arlo ana magoti ya bibi yangu. Na bibi yangu amekufa."

Arlo Hruby ni fundi wa mashine za kukamulia. Miaka arobaini na mitano, mabega mapana, sauti ndogo. Emmet ndiye aliyemfundisha kushika gongo. Kila mtu hapa anajua, na hakuna anayelisema mbele yake, kwamba ile Jumamosi ya Machi Emmet alimwomba aje amsaidie kile kibanda. Arlo alikuwa na miaka kumi na minane, usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa dansini, akalala mpaka mchana. Yeye ndiye aliyeikuta pikapu. Yeye ndiye aliyeiendesha mpaka kwa Bi Verna, akasimama mlangoni na funguo mkononi. Tangu hapo hakuna mtu mwingine aliyeigusa injini ya gari lile. Plagi, betri, waya, vyote vyake. Anakuja, anafungua boneti, anatengeneza, anaondoka. Bi Verna humpa pai ya rubabu, yale mashina machachu ya bustanini, kwenye sahani, wiki inayofuata sahani inarudi imeoshwa. Mazungumzo yao yote ya miaka hiyo nadhani yangeenea kwenye hiyo sahani.

Na Arlo alicheza. Kila Jumapili, kila mwaka, goti limefungwa bandeji. Sidhani alikuwa anaikimbilia rekodi. Nadhani alikuwa anahudhuria, kama mtu anavyohudhuria kaburi. Lakini mapigo huongezeka yenyewe mtu asipoacha, na mwezi wa saba mwaka jana alipiga mpira mfupi wa kuudhi ukaangukia pasipo mtu. Mia sita na kumi na mawili. Wakawa sawa.

Bi Verna alibonyeza honi mara moja. Magari yote yakalia. Nilimtazama usoni, nami nasema nilichokiona: uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia mlango wa nyumba yake ukifunguliwa na hakuna mgeni aliyealikwa.

Baada ya hapo Arlo hakupiga tena. Jumapili ya kwanza hakupata kitu. Ya pili hivyohivyo. Mpira alioupiga vizuri kabisa, sote tukainuka, upepo ukaukamata ukaurudisha kwenye glavu ya mlinzi kama umeitwa. Watu wakaanza kusema. Ozzie akasema kwa utani kwamba Emmet amesimama katikati ya uwanja na glavu, na wengine hawakucheka. Darrell wangu, ambaye haogopi kitu isipokuwa mama yangu, aliniambia kwamba Arlo akienda kupiga, kule ukutani kunaonekana kama mtu ameegemea. "Ni kivuli cha nguzo," nikamwambia. Akasema, "Nguzo iko upande mwingine."

Agosti nilikuwa jikoni kwa Bi Verna tukitia matango kwenye siki. Tilda yuko chini anacheza na vifuniko. Arlo akaingia bila kubisha, na hilo peke yake lilitushtua. Akasimama na kofia mkononi.

"Bi Verna, nimekuja kusema naacha."

"Unaacha nini?"

"Kucheza. Goti."

"Goti lako limekuwa hivyo miaka kumi." Hakugeuka kutoka kwenye sinki. "Sema jingine."

Arlo akatazama sakafu. "Tubaki sawa mimi naye. Sawa inatosha. Ukuta ubaki na jina lake, mimi sihitaji ukuta."

Maji yalikuwa yanachemka kwenye sufuria ya kuchemshia mitungi ya matango. Bi Verna akafuta mikono kwenye aproni, akageuka.

"Unadhani wewe ni wa kwanza kunihurumia? Mji mzima umenihurumia mpaka nikaota kutu. Sikiliza. Ukiacha sasa, kila nikipanda ile ngazi nitakuwa napaka jina uliloniachia wewe. Halitakuwa lake tena. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Basi cheza. Umpite au akushinde. Lakini usije jikoni kwangu kunigawia mume wangu kama sadaka."

Arlo akavaa kofia. Alipofika mlangoni akasema bila kugeuka, "Bi Verna. Ile asubuhi, mimi nili..."

"Ulikuwa umelala," Bi Verna akasema. "Vijana hulala. Funga mlango, nzi wanaingia."

Arlo alipoondoka, Bi Verna alishika ukingo wa sinki muda mrefu. Nikadhani analia. Kumbe alikuwa anacheka kidogo, au vyote viwili. "Nimesema kama jasiri, sivyo?" akaniuliza. "Mwanangu, mimi kila Jumapili namwomba Mungu yule akose. Namwomba huku penseli iko mkononi. Likifutwa lile jina, nani atalitamka tena? Mchungaji alishaacha kulisoma kwenye orodha ya marehemu. Pale ukutani ndipo mahali pekee ambapo mtu mgeni huuliza, Emmet Stang ni nani?"

Nikafunga kifuniko cha mtungi, nikafunga kingine.

Mchezo wa mwisho wa msimu ulikuwa na wageni wa Tamsby. Goti la Arlo lilikuwa limevimba kama kabichi, na daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba mwakani hakuna kucheza. Mji wote ukaja. Magari yalipangwa mpaka kwenye mahindi. Ndani ya pikapu Bi Verna alikuwa amevaa gauni la kanisani. Alichonga penseli mbili, akaiweka kofia mahali pake, kisha akainyoosha kidogo, kama unavyomnyoosha mtoto kola kabla ya picha.

Arlo alitolewa mara mbili mwanzoni. Awamu ya saba akapiga mpira wa chini, mkali, kuelekea kijana wa Tamsby anayelinda kati ya kituo cha pili na cha tatu. Kijana akafika vizuri, akainama, mpira ukaingia kwenye glavu, ukatoka, akauokota, akaurusha. Arlo alikuwa anakimbia kwa kuchechemea, lakini ule mchezo wa glavu ulimpa nafasi. Salama.

Watu wakainuka juu ya boneti za magari. Nyuso zote zikageukia kwetu.

"Umeona?" Bi Verna akaninong'oneza.

"Nimeona."

"Sema."

"Ulishaingia mkononi. Akauachia."

"Kwa goti lile angemtoa kwa hatua nyingi."

"Angemtoa."

Nikamwangalia mkono. Aliuinua, ukakaa hewani juu ya kofia. Niliwaza: akisema kosa, watasema anamlinda mumewe. Akisema pigo, watasema amemhurumia Arlo, na Arlo atalala na huo mpira maisha yake yote. Hakuna namna ya kuaminiwa. Hata mimi, niliyekuwa ubavuni mwake na niliyeona nilichoona, nilikuwa nashindwa kujua ni nani anausukuma ule mkono.

Honi ikalia. Ikalia tena.

Kosa.

Nilikuwa sijawahi kusikia mji wetu ukizomea. Ulizomea. Ozzie akapanda juu ya sanduku la barafu na koleo la soseji mkononi. "Verna! Mwache mzee apumzike! Miaka yote hiyo hata maiti huchoka!"

Bi Verna akaandika, akabonyeza penseli mpaka ncha ikavunjika. Tilda akaanza kulia. Pale kwenye kituo cha kwanza Arlo alisimama mikono kiunoni, akivuta pumzi. Halafu akavua kofia, akaiinua juu kuelekea pikapu, akaishikilia hapo mpaka watu wakanyamaza mmoja mmoja. Yeye ndiye aliyeupiga ule mpira. Alikuwa anajua.

"Kijana mjinga," Bi Verna akasema. Akachukua penseli ya pili.

Basi kukawa na hesabu rahisi, kila mtu anaiona. Tulikuwa tumeshashindwa ule mchezo, Tamsby wako mbele kwa mbali. Awamu ya mwisho, wawili wetu wameshatolewa, na wa tatu ndiye mwisho. Aliyekuwa anakwenda kupiga ni Darrell wangu, na baada yake Arlo. Darrell akitolewa, mchezo umekwisha, msimu umekwisha, Arlo amekwisha.

Nilifunika uso. Darrell hajapiga kitu tangu Juni.

"Darrell!" Ozzie akapaza. "Fanya kitu mara moja katika maisha yako! Mkeo anaangalia!"

Mpira wa kwanza akakosa. Wa pili akakosa kwa aibu zaidi, na kukosa mara tatu ni kutolewa. Kisha nikamwona akisogea karibu na kisahani, kile kibao cha chini anaposimama mpigaji, karibu mno, akiingiza ubavu ndani. Nilijua nia yake kabla mrushaji hajainua mguu, maana ndivyo anavyosimama akitaka nimkanyage mgongo ukimuuma. Mpira ukaja. Darrell hakuukwepa. Ukampiga mbavuni, mlio ukafika mpaka kwenye gari, akaanguka magoti. Mpigaji akipigwa na mpira hupewa kituo cha kwanza, mradi asiutafute mwenyewe. Mwamuzi alimtazama Darrell. Akatazama ule umati wote juu ya magari. Akaelekeza kidole kituo cha kwanza.

"Ameutafuta huyo!" wakapiga kelele watu wa Tamsby.

"Mume wangu ni mzito tu," nikasema kwa sauti, na Bi Verna akanipiga kofi gotini kwa furaha, halafu hapohapo akakumbuka ni nani anayefuata, mkono wake ukabaki gotini kwangu, baridi.

Arlo akaja. Alitembea kama anayepanda ngazi. Jua lilikuwa limeshuka nyuma yetu, kule mbali ukuta mweupe unang'aa na jina jeusi juu yake. Nami nasema nililoliona, atakayecheka na acheke. Chini ya jina, kulikuwa na mtu ameegemea. Mwembamba, mguu mmoja umepita juu ya mwingine. Nikatazama Tilda. Mtoto alikuwa ameacha kulia, ameshika biskuti yake, lakini hakuwa anaitazama kofia. Alikuwa anatazama kule.

Bi Verna alikamata ukingo wa kofia kwa mkono wa kushoto. "Emmet," akasema, kama mtu anayemwita mwenzake aliyesinzia kanisani.

Mrushaji akarusha. Arlo hakupiga kwa nguvu. Aliugusa, mfupi, wa kuudhi, ukapita juu ya kichwa cha yule kijana wa glavu, ukaangukia kwenye majani pasipo na mtu yeyote. Hakukuwa na la kuhukumu. Hata ng'ombe wa baba yake Bi Verna angelijua ni pigo.

Bi Verna akanyoosha mkono, akabonyeza honi mara moja.

Haikunyamaza.

Akainua mkono, honi ikaendelea. Akaipiga kwa ngumi. Ikaendelea, sauti moja ndefu ya zamani, ya koo lenye kutu, na magari mengine yaliyokuwa yameanza kulia yakaacha, moja baada ya jingine, mpaka ikabaki hiyo peke yake. Ilikwenda juu ya uwanja, juu ya mahindi, nadhani ilifika ziwani. Hakuna aliyecheka. Ozzie alivua kofia. Bi Verna alikuwa amebandika viganja viwili kwenye usukani, akiegemea kofia ya mumewe kwa kifua, na midomo yake inakwenda. Sikusikia neno hata moja.

Arlo aliomba mchezo usimame. Akaja akichechemea kutoka kituo cha kwanza, uwanja mzima unamtazama, akafungua boneti ya pikapu ile aliyoijua kuliko mwili wake. Kupitia ule mwanya chini ya boneti niliona mikono yake. Ilikwenda moja kwa moja kwenye waya, ikaushika, ikangoja. Alikuwa anaweza kuuchomoa mara moja. Hakuuchomoa. Akainamisha kichwa, akatuchungulia kwa pembeni, uso umelowa jasho au kitu kingine.

"Bi Verna?" akasema. Nilisoma midomo tu. "Nizime?"

Bi Verna akamtazama. Kisha akatikisa kichwa kukubali.

Akauvuta. Kimya kilichokuja kilikuwa kizito hata Tilda akaziba masikio.

"Basi," Bi Verna akasema, si kwa Arlo wala kwangu. "Basi, mume wangu. Imetosha. Kalale."

Mpigaji aliyefuata alitolewa. Tukapoteza mchezo, na sidhani kuna aliyegundua kabla ya kesho yake. Arlo alitaka kuurudisha ule waya. Bi Verna akakataa. Msimu huu anatangaza kwa kuinua penseli dirishani, moja ni pigo, mbili ni kosa, na watu wamezoea.

Jumamosi ya kwanza ya joto mwaka huu Arlo alikuja ukutani na makopo yake. Darrell alimshikia ngazi, mbavu zimeshapona ingawa bado anazisimulia. Arlo akapaka nyeupe juu ya EMMET STANG, polepole. Akangoja ikauke, akapaka nyeupe ya pili. Akaandika lake na namba yake. Tukasimama sote kutazama, jua likaanza kwenda upande, mwanga ukaja kwa ubavu. Na hapo tukaliona. Rangi ile nyeusi, mwaka juu ya mwaka juu ya mwaka, ilikuwa imejenga unene. Jina la Emmet lilikuwa limeinuka chini ya nyeupe, herufi kwa herufi, kila moja na kivuli chake, na jina la Arlo limekaa juu yake kama shati kwenye mabega ya mtu mwingine.

"Itabidi uparue," Ozzie akasema. "Msasa. Vinginevyo itakuwa hivyo kila jioni."

Arlo akamtazama Bi Verna.

"Ukiparua utamaliza ubao," Bi Verna akasema. "Mbao hizo ni za zamani. Acha."

Akasogea karibu, akaweka kiganja pale palipokuwa na herufi ya kwanza. Nikamwinua Tilda naye aguse. Alipitisha kidole kwenye yale matuta, taratibu, akarudia. Tangu ile siku ya honi hajampa tena yule wa kwenye gari biskuti. Kofia bado iko pale kitini, Bi Verna bado anaiweka, lakini mtoto anapita mkono juu yake kama kitambaa tu. Pale ukutani alimega kipande, akakibandika kwenye rangi ambayo ilikuwa haijakauka vizuri. Kikashika. Arlo alitaka kukitoa, halafu akaacha.